Silinda mbili zikilala, mafuta yanaokolewa wapi?

Toyota Noah ile ilifika gereji, hapa Ngamiani, Tanga, ikitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Mwenyewe alikuwa ametoka nayo Muheza, na kwa maelezo yake ilikuwa inamisi, yaani inakatakata kuwaka, njia nzima. Fundi hakuhangaika na mashine ya kupimia. Aliiacha injini ikiunguruma, akachomoa soketi ya koili ya kwanza, kifaa kinachotoa umeme wa cheche ya silinda, yaani chumba ambamo petroli inachomwa; mngurumo ukazidi kuharibika. Akairudisha. Ya pili, hivyo hivyo. Alipochomoa ya tatu, hakuna kilichobadilika hata kidogo.

"Huyu hapa," akasema. "Huyu yuko likizo."

Mwenye gari, mtu mzima mwenye kofia ya viua, akavuta ndoo akakaa, kisha akauliza: "Sasa kijana wangu, kama limetembea na silinda tatu kutoka Muheza, si lingekula mafuta kidogo? Mbona mshale umeshuka kuliko siku zote? Na mwanangu wa Dar ana Mazda, ananiambia lake linazima silinda mbili lenyewe barabarani ili kubana mafuta. Yaani lake linaokoa, langu linakula. Silinda si silinda?"

Swali lilikuwa zuri kuliko alivyojua mwenyewe. Pale gereji lilijibiwa nusu tu, maana adhana ya alasiri iliingia na watu wakatawanyika. Nusu iliyobaki nimekuwa nayo kichwani tangu siku ile.

Tuanze na mzigo, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Gari la kawaida likitembea kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare halihitaji nguvu nyingi: kiasi cha nguvu za farasi 10 hadi 15, za kusukuma upepo na kuzungusha matairi. Injini ya lita 2 inaweza kutoa zaidi ya 140. Kwa hiyo muda mwingi wa safari injini inafanya kazi ndogo sana ukilinganisha na uwezo wake. Ukizima silinda mbili kati ya nne, ule mzigo wa farasi 10 haupungui. Wachukuzi wanne wa gunia wakiwa na kazi, wawili wakaenda kunywa kahawa, magunia yanabaki yale yale na wawili waliobaki watabeba maradufu. Silinda mbili zinazobaki zinachoma karibu mara mbili ya zilichokuwa zinachoma. Kwa hesabu hiyo, uokoaji ungekuwa sifuri.

Basi unatoka wapi? Unatoka kwenye pumzi.

Injini ya petroli inaongozwa kwa hewa. Ukikanyaga mafuta, kwa kweli hukanyagi mafuta, unafungua throto, yaani mlango wa hewa wenye kibati cha duara kinachozunguka kwenye bomba. Hewa ikiingia nyingi, kompyuta inapuliza petroli nyingi ya kulingana nayo. Ukitaka nguvu kidogo, kibati kinafungwa kinabaki mwanya mwembamba. Pistoni nazo, vile vichuma vinavyopanda na kushuka ndani ya silinda, zinashuka zikivuta hewa kupitia mwanya huo huo. Nunua dafu pale Raskazone, weka mrija, kisha uubane kwa vidole viwili huku unanyonya. Maji yanakuja kidogo, mashavu yanaingia ndani, na baada ya dakika moja taya zimechoka. Umefanya kazi kubwa kupata funda dogo. Injini inayotembea polepole inanyonya hivyo kila mzunguko, maelfu ya mara kwa dakika, na nguvu ya kunyonya inalipiwa kwa petroli ile ile uliyoijaza. Hakuna tairi inayozungushwa na petroli hiyo. Inaishia kwenye kupambana na mlango ambao injini imejifungia yenyewe.

Sasa zima silinda mbili. Zile mbili zilizobaki, ili zibebe mzigo wote, zinahitaji hewa nyingi zaidi kila moja, kwa hiyo throto inafunguka. Mrija umeachiwa. Pistoni zinavuta kwa ulaini, na juu ya hapo silinda iliyojaa vizuri inachoma vizuri zaidi kuliko ile iliyopewa hewa ya kuonja. Joto linalopotelea kwenye kuta za silinda nalo linapungua, kwa sababu moto unawaka mahali pawili badala ya pane. Faida yote iko hapo: silinda chache zinazofanya kazi kwa nguvu zina tija kuliko nyingi zinazofanya kazi kivivu.

Lakini kuna zile mbili zilizolala. Pistoni zake haziwezi kusimama, maana zote zimeungwa kwenye krenki moja, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Zitapanda na kushuka mtake msitake. Kama valvu zake, yaani milango midogo ya kuingizia hewa na kutolea moshi, zingeendelea kufunguka na kufunga kama kawaida, zingekuwa zinavuta hewa na kuitema bure, na pumzi tuliyoiokoa upande huu ingepotea upande wa pili. Dawa yake ndiyo siri ya teknolojia nzima: valvu zote za silinda iliyolala, za kuingizia na za kutolea, zinafungwa kabisa na kubaki zimefungwa.

Mtu wa Tanga hahitaji mchoro kulielewa hili. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu la mbele kwa kidole gumba, sukuma mpini. Hewa inabanwa, inagoma. Uachie, mpini unarudi wenyewe mkononi. Kazi uliyoiweka umerudishiwa karibu yote. Silinda iliyofungwa valvu inafanya hivyo hivyo: pistoni ikipanda inabana hewa iliyonaswa ndani, ikishuka hewa hiyo inaisukuma chini. Inakuwa springi ya hewa. Kinachopotea ni msuguano wa ringi na joto kidogo.

Hapo sasa tunaweza kumrudia mzee wa Muheza. Silinda yake ya tatu haikulala, ilikuwa imekufa macho wazi. Koili imeungua kwa hiyo hakuna cheche, lakini valvu zinafunguka na kufunga kama kawaida, na nozeli inaendelea kupuliza petroli. Petroli hiyo haichomwi. Sehemu inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, sehemu inatoka na eksozi hadi kwenye masega, kile kisafisha moshi, ambako inaweza kuwaka na kuyayeyusha. Vilevile hewa ambayo haikuchomwa inapita mbele ya sensa ya oksijeni. Sensa haijui kuwa kuna koili mbovu. Inachoona ni oksijeni nyingi kwenye moshi, inatoa taarifa kuwa injini ina njaa ya mafuta, na kompyuta inaongeza petroli kwa silinda zote. Ndiyo maana mshale ulishuka. Ni kweli kwamba zile tatu nzima zilikuwa zinapumua vizuri kidogo kuliko kawaida, lakini faida hiyo ilimezwa na hasara hizo zote.

Na kwa wale wajanja wanaodhani watachomoa na soketi ya nozeli ili silinda "ipumzike": hewa safi bado itapita kwenda kwenye sensa, na uongo utakuwa ule ule. Bila kufunga valvu hujazima silinda, umeivunja tu.

Zinafungwaje? Kwenye injini za namna hii, kemshafti ina vinundu vinavyozunguka na kusukuma valvu zifunguke, ama moja kwa moja au kupitia tapeti na roka, vichuma vya katikati vinavyopokezana msukumo. Kuzuia valvu isifunguke ni kukata mawasiliano kati ya kinundu na valvu, na kuyaunga tena, injini ikiwa inazunguka mara 2,000 kwa dakika. Kwenye V8 za Kimarekani, yaani injini za silinda nane, wanatumia tapeti maalumu. Nimewahi kuishika moja. Ni kichuma kinene kuliko kidole gumba, kina sehemu mbili, moja ndani ya nyingine, na zimefungwa pamoja na vipini vidogo mfano wa komeo la mlango. Vipini vikiwa vimetokeza, tapeti ni kitu kimoja kigumu na inasukuma valvu. Oili yenye presha ikipelekwa pembeni mwake, vipini vinarudi ndani, na tapeti inakuwa inajikunja kama darubini ya mchezo wa watoto: kinundu kinasukuma, sehemu ya nje inapanda na kushuka, valvu haina habari. Honda kwenye V6 zake wanaifanya kazi hiyo kwenye roka, kwa kipini kinachounganisha au kutenganisha mikono miwili. Volkswagen wana njia nyingine: vipande vya kemshafti vyenye vinundu vinateleza kando kwa kuongozwa na mfereji, na mahali pa kinundu panakuja duara tupu lisilosukuma chochote.

Kompyuta, au kontroboksi wanavyoiita mafundi, ndiyo inayopanga muda. Inatazama joto la injini, mwendo, gia, mguu wako ulivyokanyaga, na presha ya oili. Ikiridhika inafungua throto kwanza, inakata petroli na cheche za silinda husika, na kufunga valvu, huku ikichezea muda wa cheche za zile nyingine ili usisikie kishindo. Ford walipoiweka kwenye injini ya lita 1 yenye silinda tatu, mwaka 2018, walisema inazima au kuwasha silinda moja kwa milisekunde 14. Ukiigawa sekunde vipande 1,000, inatumia 14.

Kasi hiyo haikuwapo zamani, na hapo ndipo pana hadithi ya masikitiko kidogo. Mwaka 1981 Cadillac walitoa V8 ya lita 6 iliyoweza kutembea kwa silinda nane, sita au nne, ikawa na jina la V8-6-4. Wazo lilikuwa sahihi kabisa. Kompyuta ya wakati ule haikuweza kulifuata. Gari likawa linasitasita na kushtuka, wenye magari wakalalamika, na wengi walikwenda kuchomolewa waya ili injini ibaki na nane zake siku zote. Baada ya mwaka mmoja kwenye magari mengi ikaondolewa. Mitsubishi walijaribu kwenye injini ndogo ya silinda nne mwaka 1982, nayo haikuenea. Ilibidi kusubiri hadi mwisho wa miaka ya 1990, Mercedes-Benz walipoirudisha kwenye magari yao makubwa, kisha Wamarekani na Honda wakafuata mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Ingawa kusema kweli, mababu wa wazo hili ni wakongwe kuliko hapo. Mwishoni mwa karne ya 19 zilikuwapo injini za mashambani zenye gurudumu zito, zilizokuwa zikiwaka mara moja, zikikaa kimya mizunguko kadhaa, kisha zikiwaka tena mwendo ukipungua. Tu! Kimya, kimya, kimya. Tu! General Motors tangu mwaka 2019 wana V8 inayofanana na hiyo kwa akili: silinda yoyote kati ya nane inaweza kurukwa, kwa mipangilio 17 tofauti.

Kwenye silinda nne mambo ni magumu zaidi, kwa sababu ya mtetemo. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, injini ya silinda nne inawaka kama mara 66 kila sekunde. Ukizima mbili, mara 33. Mapigo yanakuwa machache na mazito, na mwili unayasikia. Ndiyo maana haizimwi silinda yoyote ile. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Volkswagen wanazima ya pili na ya tatu, Mazda wanazima ya kwanza na ya nne. Angalia mpangilio huo tena: ukifuta 3 na 2, zinabaki 1 na 4 zikiachana sawasawa, ukifuta 1 na 4, vilevile. Mazda kwenye CX-5 ya petroli ya lita 2.5, tangu mwaka 2018, wameongeza na kipendulo ndani ya giaboksi kinachobembea kinyume cha mtetemo. Mtoto wa mzee hakuongopa.

Anaokoa kiasi gani, hilo ni suala la barabara. Volkswagen walipotoa injini yao ya lita 1.4 ya namna hii, mwaka 2012, walisema kwa mwendo wa 50 usiobadilika, gia ya tatu au ya nne, inapunguza karibu lita 1 kwa kila kilomita 100. Kwa kipimo cha Ulaya cha wakati ule, chenye kusimama na kuondoka, ikawa lita 0.4. Tofauti ya namba hizo mbili inasema kila kitu. Silinda zinalala pale tu mzigo ukiwa mwepesi na mguu umetulia.

Sasa ifikirie barabara yetu ya kwenda Segera. Pongwe, Muheza, Mkanyageni, kila kijiji kibao cha 50, na tochi ya trafiki huijui iko chini ya mwembe gani. Kwa dereva ni karaha; kwa injini ya aina hii ni sikukuu. Mguu mwepesi, barabara tambarare, silinda mbili zimesinzia. Vuka Korogwe, fika Mombo, kata kulia kuipanda ile ya Lushoto, hadithi imekwisha: zote nne zitaamka kwenye kona za mwanzo na hazitalala hadi juu. Katikati ya mji nako, baina ya bodaboda na baiskeli, ukikanyaga na kuachia kila hatua kumi, faida ni ndogo.

Hapo kwenye Lushoto niseme jambo la pembeni, kwa sababu linawagusa hata wenye magari ya kawaida. Wako madereva wanaoteremka na fri, yaani gari likiwa halina gia, ili "kubana mafuta". Gari lolote la nozeli linalodhibitiwa na kompyuta, ukiliacha kwenye gia na kuondoa mguu kwenye mteremko, linakata petroli kwa silinda zote. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka fri, injini inabidi ijitegemee, na inaanza kunywa tena ili isizimike. Kwa hiyo anayeteremka na fri anachoma mafuta zaidi, na breki pia anazichoma.

Dizeli siigusi sana. Haina throto ya kuongozea nguvu, inapunguza mafuta tu na kuacha hewa iingie, kwa hiyo kile kilio cha mrija hakipo na faida yake ni ndogo.

Kinachonitia wasiwasi kwa mazingira yetu ni oili. Kwenye mifumo mingi, oili inayolainisha ndiyo pia inayosukuma vile vipini. Njia zake ni nyembamba. Mafundi wetu wamezoea kuwa joto la pwani linataka oili nzito, na gari likianza kuzeeka wanapanda namba. Injini iliyoandikiwa oili nyepesi ya 0W-20, ukaimwagia nzito ya 20W-50 na kuisahau mwaka mzima, vipini vitachelewa au vitakwama nusu njia. Utasikia kwanza tiki-tiki-tiki juu ya injini, kisha misi, na ukipuuza, tapeti itaanza kuila kemshafti. Shida nyingine ni ya silinda iliyolala kwa muda mrefu: hewa iliyonaswa inavuja taratibu kupitia ringi, presha inashuka, na oili inapanda kutoka chini kuja kuchafua plagi. Kwa sababu hiyo kompyuta huiamsha kila baada ya dakika kadhaa, hata kama haihitajiki. Kuna wenye magari huko nje waliochoka na mambo haya hadi wanaidanganya sensa ya joto, kompyuta iamini kuwa injini bado ya baridi na isizime chochote.

Kama ni mimi ninanunua gari la mtumba kwa matumizi ya hapa mjini, nisingelitafuta kwa ajili ya teknolojia hii. Passo ya silinda tatu na cc 1,000 imefika kwenye jibu lile lile kwa njia ya mkato: silinda chache, zinazofanya kazi muda wote, bila kipini hata kimoja. Toyota nyingi tunazozijua hazina mfumo huu na hazijaukosa. Faida yake ya kweli iko kwa anayelazimika kuwa na injini kubwa na anasafiri mbali kwa mwendo wa kutulia.

Watu waliporudi kutoka msikitini, koili mpya ilikuwa imeshafika kwa bodaboda. Fundi akaifunga, akawasha, Noah ikatulia. Mzee akaisikiliza kidogo, akainamisha kichwa upande kama anayesikiliza redio ya mbali, kisha akarudi kwenye la mwanawe.

"Nimwambie aweke oili gani kwenye hiyo Mazda?"

"Iliyoandikwa kwenye kitabu chake, baba."

"Kitabu chenyewe cha Kijapani."

"Namba ni zetu sote," fundi akasema, na kwa kidole chenye grisi akaandika juu ya vumbi la boneti: 0W-20.